Udi Tunaoununua: Sunna, Ghushi na Israfu

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu Muislamu, mwezi wa Shaabani uliopita mama yangu alinituma sokoni kununua udi kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Niliingia katika duka moja linalojulikana mjini kwetu kwa manukato. Mwenye duka alinipokea kwa heshima: "Karibu, Ustadh. Leo nina mzigo mpya." Akanitolea vipande vyeusi vinavyong'aa pamoja na kichupa cha mafuta cha tola moja. Kabla sijauliza bei, akaanza kunisomea Hadithi ya udi wa Kihindi wenye tiba saba ndani yake. Aliisoma vizuri, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Nami, ambaye kila mwaka huwafundisha vijana mlango wa biashara katika Fiqhi, nilinyamaza, nikatoa fedha, nikanunua.

Nyumbani mama aliweka kipande kimoja juu ya kaa la chetezo. Dakika ya kwanza ilitoka harufu tamu kama ya marashi. Dakika ya tatu ukatoka moshi wa kuni na harufu ya mafuta yaliyoungua. Mama akachukua kipande kingine, akakiparuza kwa kisu. Juu kilikuwa cheusi, ndani cheupe kama kijiti cha kiberiti. "Mwanangu," akasema, "wamekuuzia ukuni uliotiwa rangi."

Niliporudi dukani, mwenye duka hakubisha wala hakukasirika. Alinirudishia fedha za kile kilichobaki, akaniambia jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: "Ustadh, wallahi na mimi nimeuziwa hivyo hivyo. Unakuja kutoka Dubai, na huko unatoka mbali zaidi. Kilichomo ndani sikijui."

Tazama, ndugu msomaji. Bidhaa tunayoifukiza misikitini, harusini na kwenye sanda za maiti wetu, muuzaji haijui, mnunuzi haijui, na kilichowaunganisha ni Hadithi iliyosomwa mahali si pake. Nimeona ni wajibu tuliangalie jambo hili kwa elimu.

UDI NI NINI?

Neno udi tumelipata kutoka kwa Waarabu, na maana yake ya asili kwao ni kijiti au ukuni. Wahindi huuita agar, Wamalay na Waindonesia huuita gaharu, na Wachina wameupa jina lenye maana ya harufu inayozama, kwa kuwa udi mzuri ni mzito hata ukitiwa majini huzama. Sisi Waswahili tumelipanua neno hili mpaka vile vijiti vya kuwasha vinavyouzwa kwa pakiti madukani navyo tunaviita udi, ingawa vingi kati ya hivyo havina hata chembe ya udi wenyewe.

Udi wa kweli hutoka katika miti ya jamii mbili ambazo wataalamu huziita Aquilaria na Gyrinops. Makazi yake ni misitu ya Asia: Assam na majimbo ya jirani ya kaskazini mashariki ya India, Bangladesh, Burma, Thailand, Laos, Kambodia, Vietnam, kusini mwa China, Malaysia, Indonesia mpaka Papua. Kwetu Afrika Mashariki mti huu si wa asili.

La kustaajabisha ni kwamba mti huu ukiwa mzima hauna thamani ya manukato. Ukuni wake ni mweupe, mwepesi, na haunukii. Udi hupatikana mti unapojeruhiwa, kwa mfano unapovunjika tawi, unapopigwa na radi au unapotobolewa na wadudu, kisha kuvu wakaingia katika jeraha. Hapo mti hujikinga kwa kutoa utomvu mzito unaoloweka ukuni na kuugeuza kuwa mweusi. Utomvu huo ndio udi. Kadiri miaka inavyopita ndivyo unavyozidi kukolea. Husemwa kwa makadirio kwamba katika msitu, miti yenye udi haizidi mmoja katika kumi. Basi ni maradhi ya mti ndiyo yanayotupa sisi harufu ile. Subhanallah!

Mafuta ya udi, ambayo Waarabu huyaita dihnul-udi, hupatikana kwa kusaga vipande vya daraja la chini, kuviloweka katika maji kwa siku nyingi, kisha kuvichemsha kwa siku kadhaa mfululizo na kuukusanya mvuke wake. Kinachopatikana ni kidogo mno kulingana na ukuni uliotumika. Ndiyo maana mafuta haya huuzwa kwa tola, kipimo cha Kihindi kisichofika gramu 12.

HADITHI INASEMA NINI HASA?

Hapa pana jambo ambalo yatupasa sisi walimu tulibainishe, maana wauzaji wanalitumia na sisi tunawanyamazia.

Hadithi ya udi wa Kihindi wenye tiba saba ni sahihi. Imepokewa na Imam Al-Bukhari kutoka kwa Ummu Qays bint Mihsan (R.A.). Lakini Al-Bukhari mwenyewe ameiweka katika mlango unaozungumzia kutia puani dawa ya qusti. Qusti ni mzizi wa mmea mwingine kabisa unaoota milimani huko India, hauhusiani na mti wa udi wa kufukiza. Imam Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), amelieleza jambo hili wazi katika Zadul Maad: udi wa Kihindi ni aina mbili, mmoja ni wa dawa, nao ni qusti, na mwingine ni wa manukato, nao huitwa aluwwa. Basi mwenye kuisoma Hadithi ya tiba saba juu ya kichupa cha mafuta ya aluwwa ameichukua Hadithi sahihi akaiweka kwenye bidhaa isiyokuwa yake. Akifanya hivyo kwa kutojua, afundishwe. Akifanya hivyo huku anajua, amemzulia Mtume (S.A.W.) ili auze, na tunajua ukali wa onyo lililokuja juu ya jambo hilo.

Je, hii ina maana kwamba udi wa kufukiza hauna asili katika Sunna? Hapana. Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Nafi kwamba Ibn Umar (R.A.) alipokuwa akijifukiza alitumia aluwwa pekee isiyochanganywa, au aliitia kafuri pamoja nayo, na alisema kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya Mtume (S.A.W.). Katika Hadithi ya sifa za watu wa Peponi iliyopokewa na Abu Hurayra (R.A.), imetajwa kuwa vyetezo vyao ni vya aluwwa. Katika wapokezi wa Hadithi yumo tabiina mmoja, Nuaym bin Abdallah, aliyepewa lakabu ya Al-Mujmir, yaani mfukizaji, kwa sababu ya kuufukiza Msikiti wa Mtume (S.A.W.). Mafaqihi nao wametaja kufukiza sanda kabla ya kumvisha maiti.

Kwa hiyo kufukiza udi ni jambo jema lenye asili. Lakini asili hiyo ni ya manukato, usafi na heshima ya ibada. Si asili ya tiba ya kila maradhi, wala si asili ya yale yanayofanywa na baadhi ya watu wetu, ya kufukizia mapangoni na kuita majini. Wanaofanya hayo hawana dalili katika Hadithi hizi hata moja.

KUTOKA MSITUNI MPAKA KWENYE CHETEZO

Nilipokuwa nasoma ng'ambo, chumba chetu cha bweni tulikaa wanne, na mmoja wetu alitoka Kalimantan, upande wa Indonesia wa kisiwa cha Borneo. Siku moja ya Ijumaa mwenzetu mwenyeji alitufukizia udi. Tukasifu. Yule ndugu akanyamaza, kisha akatuambia kwamba baba yake mdogo alikuwa mtafutaji wa gaharu. Alikuwa akiingia msituni wiki sita au zaidi. Mchele, chumvi, sigara na dawa alichukua kwa tajiri wa mjini kwa mali kauli. Akipata gaharu, tajiri huyo huyo ndiye aliyeipangia bei. Asipopata, alirudi na malaria na deni. "Harufu hii naijua," alisema, "lakini kwetu hatuifukizi. Ni ghali."

Maneno yale sikuyasahau. Baadaye nilisoma na kuona kuwa hadithi ya ami yake ni hadithi ya maelfu ya watu. Zamani wenyeji wa misitu hiyo, kama vile Wapenan wa Borneo, walikuwa na elimu ya kuutambua mti wenye udi kwa dalili za nje kabla ya kuutia shoka. Bei ilipopanda katika miaka ya 1980 na 1990, kwa sababu ya mahitaji ya nchi za Ghuba zilizotajirika kwa mafuta na ya masoko ya Asia ya Mashariki, waliingia misituni watu wasio na elimu hiyo. Wao hukata kwanza, kisha hutazama. Kama miti tisa katika kumi haina kitu, basi hesabu mwenyewe ni miti mingapi inayoangushwa bure. Hata miti michanga ambayo haijazaa mbegu haikuachwa.

Kalimantan ilipokauka, wafanyabiashara wakahamia Papua. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1990, biashara ya gaharu ilifuatana na ulevi na uchangudoa, na taarifa za wakati ule zilieleza jinsi maradhi ya UKIMWI yalivyoingia vijijini kwa njia hiyo. Katika misitu ya Malaysia, makundi ya watu maskini kutoka nchi za jirani huingia kwa siri na kukaa miezi kadhaa, wakisaka udi na kutega wanyama. Thailand nako, mbuga za taifa zimekuwa zikivamiwa kwa ajili ya udi.

Kutoka huko mzigo hupita kwa madalali, mara nyingi kupitia Singapore, mpaka Dubai, Jeddah, Riyadh, Makka na Kuwait kwa upande mmoja, na Hong Kong, Taiwan na Japani kwa upande wa pili. Kilo moja ya vipande vya daraja la juu huuzwa kwa maelfu mengi ya dola. Yule aliyelala msituni wiki sita hupata katika hizo kiasi cha kulipia mchele wake.

Matokeo yake ni haya. Mwaka 1994 nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, unaojulikana kwa jina la CITES, ziliutia aina mmoja wa mti huu, Aquilaria malaccensis, katika orodha ya pili ya mkataba huo. Maana yake ni kwamba hauruhusiwi kusafirishwa kutoka nchi hadi nchi bila kibali. Miaka kumi baadaye, katika mkutano wa Bangkok wa mwaka 2004, aina zote za Aquilaria na Gyrinops ziliingizwa katika orodha hiyo, kwa sababu ukuni ukishakatwa vipande ni vigumu kutambua umetoka katika aina gani. Leo Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi, IUCN, umeuweka mti wa malaccensis na ule wa crassna katika daraja la viumbe vilivyo hatarini mno, daraja ambalo baada yake hubaki kutoweka msituni.

NDANI CHEUPE, NJE CHEUSI

Bidhaa ikiwa adimu na ghali, na mnunuzi akiwa hajui, ghushi huingia. Vipande vyepesi visivyo na utomvu hulowekwa katika mafuta na kutiwa rangi. Vumbi la ukuni hubanwa na kuchongwa mfano wa kipande cha asili. Wengine huingiza madini katika nyufa ili kuongeza uzito. Mafuta huchanganywa na mafuta mengine ya bei rahisi, au hutengenezwa maabara moja kwa moja. Kampuni za Ulaya na Marekani nazo zimeingia katika soko hili: manukato ya M7 yalitoka mwaka 2002 na Oud Wood ya Tom Ford mwaka 2007, na tangu hapo neno hilo limeandikwa juu ya chupa zisizohesabika. Nyingi katika hizo hutegemea harufu za kutengenezwa. Hilo peke yake si dhambi, maana harufu ya maabara ni halali kama nyingine yoyote isiyo na kilichoharamishwa ndani yake. Dhambi ni kuiuza kwa jina na bei ya kitu kingine.

Kila mwanafunzi wa madrasa anaijua Hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) katika Sahih Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alipita kwenye rundo la chakula sokoni, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata unyevu. Muuzaji akajitetea kwamba chakula kilinyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Sasa linganisha, ndugu yangu. Rundo lile lilikuwa kavu nje na bichi ndani. Udi wetu ni mweusi nje na mweupe ndani. Yule muuzaji wa zamani angalau alikuwa na udhuru wa mvua. Rangi haikunyesha kutoka mbinguni.

Na yule asemaye kama mwenye duka wetu, "na mimi nimeuziwa hivyo hivyo," tumjibu nini? Tumwambie kwamba kutojua kunamwokoa na dhambi ya kughushi, lakini hakumwokoi na wajibu wa kubainisha. Aseme: huu umetoka mahali fulani, ubora wake siujui, upime mwenyewe. Akisema hivyo amefanya biashara safi. Ama kunyamaza kuhusu asiyoyajua na kuisoma Hadithi mahali pa maelezo, huko ni kuitumia dini kuziba kasoro ya bidhaa. Mnunuzi naye asisahau haki yake. Khiyari ya aibu ipo katika Fiqhi: ukigundua kasoro iliyofichwa, una haki ya kurudisha. Wengi wetu tunaona haya kurudisha kwa kuwa muuzaji ni mtu wa msikitini. Haya hiyo haina faida kwake wala kwetu.

ISRAFU NA KUJIONYESHA

Sunna ya manukato imekuja kwa wepesi. Mtume (S.A.W.) hakuwa akiyakataa manukato anapopewa, kama alivyopokea Anas (R.A.), kwa kuwa ni kitu chepesi kukibeba na chenye harufu njema. Leo je? Katika baadhi ya miji yetu mahari na masanduku ya harusi hayakamiliki bila ya tola kadhaa za mafuta ya udi, na familia hukopa ili jirani asije akasema. Ndugu zetu wa Ghuba wana msemo kwamba baada ya udi hakuna kukaa, yaani udi ukishazungushwa mgeni huaga. Ulikuwa ni alama ya ukarimu unaohitimisha ziara. Sasa umekuwa mashindano: nani kafukiza kilo ya bei gani, na kwa wageni gani.

Allah (S.W.) amekataza ubadhirifu na kuwaita wabadhirifu ndugu wa mashetani. Kijana anayeahirisha ndoa yake mwaka mzima kwa sababu ya manukato ya sanduku, amezuiliwa jambo la wajibu kwa ajili ya jambo la mustahabu. Mama yangu, baada ya kisa kile, aliwapikia watu udi wa nyumbani, kwa sukari, mawaridi, sandali na vipande vichache alivyokuwa amevihifadhi. Harusi ilinukia, na hakuna mgeni aliyeuliza bei.

"SISI INATUHUSU NINI?"

Atasema msemaji: misitu hiyo iko Asia, soko liko Ghuba, sisi ni wanunuzi wa gramu mbili tatu. Inatuhusu nini? Hoja hii ina sehemu ya ukweli. Gramu zetu haziangushi msitu. Lakini nataka kumjibu kwa mambo mawili.

La kwanza, sisi ni mwisho wa mnyororo ule ule. Mtu akijua kwamba bidhaa imeibwa katika mbuga ya taifa, ambayo ni mali ya umma wa nchi ile, kisha akainunua, hawezi kusema hakusaidiana katika dhambi. Sisemi kwamba udi wote ni haramu. Sina mamlaka hayo wala dalili hiyo. Kilichopatikana kwa njia halali ni halali, na asiyejua halazimishwi kupekua kila kipande. Nasema kwamba anayejua hana udhuru, na anayeweza kuuliza aulize.

La pili, mtihani huu tayari umefika kwetu. Milima na nyika zetu za Afrika Mashariki zina mti wa msandali, ambao wataalamu huuita Osyris lanceolata. Harufu yake iko zaidi katika mizizi na sehemu ya chini ya shina, kwa hiyo wavunaji hawaukati bali huung'oa wote. Miti hii ina ya kiume na ya kike, na ya kike ndiyo inayotafutwa zaidi kwa kuaminiwa kuwa na mafuta mengi. Basi mti unang'olewa, mbegu inakwenda nao, na hakuna kinachobaki cha kuota tena. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, lakini magari yaliyosheheni magogo ya msandali yameendelea kukamatwa. Mwaka 2013 misandali ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia iliingizwa katika orodha ile ile ya pili ya CITES. Mchunga mbuzi wa Samburu anayelipwa fedha kidogo kuung'oa mti huo ni ndugu wa yule ami wa Kalimantan. Tajiri ni yule yule kwa sura nyingine. Basi tusiseme haituhusu.

YATUPASAYO

Sikuandika haya ili watu wazime vyetezo vyao. Naandika ili tufukize kwa elimu. Napendekeza mambo yafuatayo:

Kwanza, walimu na maimamu tuitenganishe qusti na aluwwa waziwazi katika darsa zetu. Ni somo la dakika kumi, na litawanyang'anya walaghai silaha yao kubwa. Mgonjwa anayeuziwa mafuta ya udi kama tiba ya kila kitu, akaacha kwenda hospitali, amedhulumiwa mali na afya.

Pili, mnunuzi apime. Kipande kizuri ni kizito kulingana na ukubwa wake, na harufu yake haitokei mpaka kipate moto. Kikinukia sana kikiwa baridi, shuku mafuta yaliyopakwa. Kikate utazame ndani. Ibnul Qayyim zamani ametaja kwamba ulio mwepesi na kuelea juu ya maji ndio wa chini kwa ubora. Tusikubali kuwa wajinga kuliko watu wa karne ya nane Hijria.

Tatu, tupendelee udi wa kupandwa. Assam familia nyingi hupanda mti huu uani pamoja na mipopoo, na mji wa Hojai umetajirika kwa biashara yake. Katika Sujanagar, wilaya ya Moulvibazar huko Bangladesh, wakulima hupigilia misumari katika mashina ili kuujeruhi mti nao utoe utomvu. Vietnam, Thailand, Laos, Malaysia na China kuna mashamba makubwa, na watafiti wamebuni njia za kuutoboa mti na kuingiza dawa au kuvu ili mkulima asisubiri bahati. Wapo wasemao kwamba wa kupandwa haufikii ule wa msituni. Mara nyingi ni kweli, kwa kuwa utomvu wa miaka michache si wa miaka hamsini. Lakini nani alituambia kwamba Sunna imeshurutisha daraja la juu? Anayejua kwamba kiyama kikisimama huku mkononi ana mche ameamrishwa aupande, hawezi kuudharau udi wa mkulima aliyepanda.

Nne, mahujaji na wenye kwenda Umra wajue mipaka. Nchi za CITES zimekubaliana kwamba msafiri anaweza kubeba kwa matumizi yake mwenyewe, bila kibali, vipande visivyozidi kilo moja, mafuta yasiyozidi mililita 24, ambayo ni kama tola mbili, na tasbihi mbili za udi. Zaidi ya hapo ni biashara na inahitaji hati. Tusibebeshane mizigo ya watu uwanja wa ndege kwa sababu ya udugu.

Tano, wenye maduka yetu, nawasihi kwa jina la Allah: andikeni kwenye vichupa na vifurushi kilichomo ndani. Kama ni mchanganyiko, andikeni mchanganyiko. Kama hamjui, semeni hamjui. Riziki haipungui kwa ukweli. Mwenye duka yule aliyenirudishia fedha amenipata mimi kuwa mteja wake mpaka leo, na siku hizi kabla ya kuuza hukikata kipande mbele ya mnunuzi.

Nasi tunaofundisha tujihesabu kwanza. Siku ile sikunyamaza kwa kukosa elimu. Nilinyamaza kwa sababu niliona haya kumkatiza mtu anayesoma Hadithi. Heshima kwa Hadithi ni kuiweka mahali pake, na kuwahi kusema pale inapowekwa pasipo pake. Hilo ndilo deni langu kwa mama yangu, na nimeanza kulilipa kwa makala haya.

Tunamuomba Allah (S.W.) azisafishe biashara zetu na ghushi, nia zetu na riya, na nyumba zetu na israfu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wale ambao vyetezo vyao Peponi ni vya aluwwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.